Forodhani ya Unguja: Kutoka Lango la Ushuru hadi Bustani ya Jamaa

1. Utangulizi

Jua linapokaribia kuzama mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu huanza kuteremka kuelekea baharini. Akina mama huja na watoto wao, wengine wakiwashika mikono, wengine wakiwabeba. Wazee hutafuta nafasi kwenye ukuta wa bahari, mahali ambapo upepo hauzuiliwi na kitu. Vijana waliovua mashati hukimbia kwa zamu na kujitosa majini kutoka juu ya ukuta, huku wenzao wakiwashangilia. Nyuma yao wapishi hupanga meza, huwasha taa na kupuliza makaa. Harufu ya pweza, mishikaki na viazi vya urojo husambaa, na mashine ya kukamulia miwa huanza kulia. Mahali hapo ni Forodhani, bustani ya umma iliyo mbele ya Ngome Kongwe na jumba la Beit el-Ajaib.

Mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza huona burudani tu. Hakosei, maana burudani ipo, na watoto wanaocheza hapo hawana deni la kumweleza mtu yeyote historia. Hata hivyo, jina la mahali hapo lina uzito kuliko bustani yenyewe. Forodhani maana yake ni mahali penye forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru. Majina mengine ya fahari yalipachikwa juu yake na kuondoka. Hili la kikazi, ambalo hakuna mtawala aliyelizindua, limebaki vinywani mwa watu.

Lengo la makala haya ni kufuata historia ya ufuko huo mdogo tangu enzi ya masultani hadi siku hizi, na kuonyesha namna pwani ya kuhesabia mali ilivyogeuka kuwa pwani ya kupumzikia. Jambo hili lawahusu pia wasomaji wa Kongo. Pembe nyingi za ndovu zilizotoka Maniema zilipita katika lango hilo. Na katika lango hilohilo walitoka watu na bidhaa, na pamoja nao lugha ambayo leo hufundishwa na kuchunguzwa katika vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kisangani na Bukavu.

2. Jina na mahali

Neno forodha lina asili ya Kiarabu, ambamo lilitumika kwa maana ya bandari na mahali pa kushushia mizigo. Katika Kiswahili maana yake ilijibana ikawa ofisi ya ushuru wa bidhaa, na kiambishi -ni kikaligeuza neno kuwa jina la mahali. Unguja si mji pekee wenye jina hilo: Mombasa nayo ina Forodhani yake katika mji wa kale. Msomaji wa Kongo, aliyezoea kusikia neno la Kifaransa la douane pale Kasumbalesa au Uvira, ataelewa upesi ni mahali pa namna gani: mahali ambapo hakuna kinachopita bila kutazamwa, kuhesabiwa na kulipiwa.

Jirani ya forodha hiyo lipo jengo jingine ambalo jina lake linafundisha. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ngome hiyo ilitumiwa kama jela. Wanaisimu wengi hukubali kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno la igreja, lenye maana ya kanisa. Kwa hiyo katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa dakika chache, zipo tabaka mbili za utawala zilizohifadhiwa katika maneno: la kwanza lilikuwa nyumba ya sala likawa nyumba ya kufungia watu, la pili lilikuwa bandari likawa meza ya ushuru. Maneno haya mawili husemwa kila siku bila kufikiriwa. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya lugha; lakini kazi ya mwanahistoria ni kuyasimamisha kidogo na kuyauliza yametoka wapi.

3. Forodha ya masultani

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja. Chini yake kisiwa kilikuwa soko kubwa la karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na watumwa. Mkataba wa biashara alioufanya na Marekani mwaka wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na mataifa mengine ya Ulaya yakafuata kwa mikataba yao. Kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kiliitwa merikani. Jina hilo liliingia bara pamoja na misafara, na kitambaa chenyewe kikawa namna ya fedha mbali kabisa na bahari, hadi ng'ambo ya Tanganyika.

Ukusanyaji wa ushuru haukufanywa na makarani wa serikali. Sultani aliukodisha kwa mfanyabiashara, ambaye alimlipa kiasi maalumu kila mwaka na kuchukua kilichozidi. Mashuhuri kati ya wakuu hao wa forodha alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, aliyekuwa na nguvu nyingi mjini katika miaka ya 1830 na 1840. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na wengine, miongoni mwao Taria Topan. Mkuu wa forodha alikuwa pia mkopeshaji. Misafara ya kwenda bara ilihitaji vitambaa, shanga, waya na baruti, na vitu hivyo vilitolewa kwa mkopo wa kulipwa kwa pembe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipata mali zake za safari kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan. Hivyo daftari la ufuko wa Unguja lilikuwa na kurasa zilizoandikwa Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba.

Safari ya pembe moja ilikuwa ndefu. Ilitoka katika misitu ya Maniema mabegani mwa mchukuzi, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka hadi Bagamoyo, ikapakiwa katika jahazi na kufika Forodhani. Hapo ilipimwa kwa frasila, kipimo cha kilo 16 hivi, na hesabu yake ikafanywa kwa riale. Karani aliandika uzito na bei. Hakuandika jina la mchukuzi, wala la kijiji kilichochomwa ili pembe ipatikane.

Hesabu hiyo haikuishia kwenye vitu. Watumwa waliotoka Kilwa na bandari nyingine za mrima walishushwa katika ufuko huohuo, na ushuru ukatozwa kwa kila kichwa kabla hawajapelekwa sokoni. Maandishi ya mabalozi na wasafiri wa Kiingereza wa katikati ya karne hiyo yanasimulia jambo ambalo halisomeki bila uchungu: wagonjwa waliokaribia kufa waliachwa ufukweni, kwa kuwa mwenye mali hakutaka kumlipia ushuru mtu ambaye asingeishi hadi auzwe. Kwa sheria ya forodha, mtu wa namna hiyo alikuwa bidhaa isiyostahili gharama ya kuingizwa mjini.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba uliokataza usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mkataba huo haukuondoa utumwa wenyewe. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka wa 1897. Yafaa kuzingatia tofauti kati ya mahali hapa pawili. Mkunazini palipewa alama ya ukumbusho tangu mapema, na hadi leo wageni hupelekwa huko kusikiliza habari za utumwa. Forodhani, ambapo watu walihesabiwa kabla ya kufika sokoni, hapakupata jengo la namna hiyo. Pamebaki na jina.

Ni vema kukumbusha pia kile kilichopita upande wa pili, kutoka kisiwani kwenda bara. Wapagazi na askari wa misafara, wengi wao wakijiita wangwana hata pale walipokuwa watumwa au watoto wa watumwa, walikwenda na Kiswahili chao. Mashariki mwa Kongo lugha hiyo iliitwa Kingwana kutokana na jina lao. Februari 1887 Tippu Tip alipanda meli Unguja pamoja na Stanley na watu wao, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, naye akaenda kushika kazi ya uliwali wa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Dola Huru la Kongo nalo liliandika askari kutoka Unguja katika miaka yake ya mwanzo. Kwa hiyo asemaye Kiswahili ukingoni mwa mto Kongo ana uhusiano na ufuko huu, iwe babu zake waliwahi kuuona au la.

4. Mizinga, reli na bandari mpya

Barghash aliupa ufuko sura ya fahari. Mwaka wa 1883 lilikamilika jumba la Beit el-Ajaib, lenye nguzo ndefu na roshani pana zinazotazama bahari, jumba la sherehe kuliko la kukaa. Pembeni yake yalikuwapo majumba mengine ya kifalme, na mbele yake mnara wa taa. Chini ya fahari hiyo, wachukuzi waliendelea kubeba vikapu na magunia kati ya maji na maghala.

Tarehe 27 Agosti 1896 pwani hiyo ilikuwa uwanja wa vita. Baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash alishika kiti bila idhini ya Waingereza. Muda aliopewa wa kuondoka ulipokwisha saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga. Vita havikufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, jumba la Beit el-Hukm likabomoka, mnara wa taa ukaharibiwa, na meli ya sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini. Beit el-Ajaib lilisalia, na likaongezewa mnara wa saa. Kwa miaka mingi milingoti ya meli ile ilionekana juu ya maji, mbele ya macho ya kila aliyekuja kulipa ushuru.

Utawala wa Waingereza ulileta mabadiliko ya namna nyingine. Mwaka wa 1905 reli nyembamba iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilianza kubeba abiria kutoka karibu na Ngome hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi. Haikudumu, motokaa ziliishinda, na safari zake za abiria zikakoma katika miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo bandari mpya yenye gati ilikamilika upande wa kaskazini, Malindi. Mizigo ikahamia huko, na pamoja nayo makarani na wachukuzi.

Hapo ndipo historia ya bustani inapoanza kwa kweli. Ardhi iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote mjini kwa sababu ya kazi yake, ilibaki bila kazi. Katika miji mingi ardhi kama hiyo huuzwa, hujengwa na kuzungushiwa ukuta. Unguja iliachwa wazi.

5. Bustani ya Jubilei

Mwaka wa 1936 Sultani Khalifa bin Haroub alitimiza miaka 25 kitini. Sherehe zilifanywa, stempu maalumu zikachapishwa, na ufuko ulio mbele ya Ngome ukatengenezwa kuwa bustani iliyoitwa Bustani ya Jubilei. Katikati pakawekwa jukwaa ambapo bendi ya sultani iliwapigia watu muziki. Majani yakakatwa, njia zikanyooshwa, viti vikapangwa.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba bustani hiyo ilikuwa pambo la kikoloni tu. Pambo lilikuwa, na mpangilio wake ulifuata desturi ya Waingereza ya kuweka kijani na muziki mbele ya ofisi za serikali. Hata hivyo, jukwaa la wazi halina mlango. Mtoto wa mchukuzi aliweza kusimama karibu na mtoto wa karani na kusikiliza tarumbeta ileile. Mahali ambapo baba yake aliinama chini ya gunia, yeye alisimama wima bila kazi yoyote. Badiliko hilo, ingawa hakuna amri iliyolitangaza, ndilo kubwa kuliko yote yaliyofanyika hapo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Mwaka wa 1956 ulijengwa mwingilio mweupe wenye matao na ngazi za kushukia majini, kwa ajili ya kumpokea Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Yasemwa kwamba mgeni huyo aliteremkia mahali pengine, na ngazi hizo hazikutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Watoto waliorukia baharini kutoka hapo baadaye walizipatia kazi iliyo bora zaidi.

6. Watu wajichukulia ufuko

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa usultani. Jina la Jubilei halikuwa na nafasi tena, na kasri la sultani likaitwa Kasri la Wananchi. Lakini wakazi wa mji hawakusubiri tangazo ili waipe bustani jina. Waliendelea kusema Forodhani, kama walivyosema babu zao kabla ya 1936. Mtu asiyewahi kuiona forodha yenyewe, na ambaye baba yake pia hakuiona, aliwaambia watoto wake: twendeni Forodhani.

Katika miongo iliyofuata bustani ilijipatia desturi zake. Saa ya jioni ndiyo saa yake. Mchana jua ni kali na watu wako kazini. Baada ya magharibi upepo wa bahari hupoza mji, na nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene na vyumba vyenye joto, huwatoa watu wake nje. Ndani ya vichochoro baraza za mawe hukaliwa na majirani wa mtaa mmoja. Forodhani ni baraza ya mji mzima. Hapo mtu wa Malindi hukutana na mtu wa Ng'ambo, mwanafunzi hukaa karibu na baharia, na bibi humwangalia mjukuu wake akicheza bila kuogopa gari.

Chakula kilikuja kwa sababu watu walikuwapo. Wauzaji wa mishikaki, mihogo ya kukaanga, pweza, mkate wa kumimina na maji ya miwa yaliyochanganywa na ndimu na tangawizi walifuata umati, na umati nao ukaongezeka kwa kuwafuata. Urojo, mchanganyiko wa supu nzito yenye ukali wa embe au ndimu, viazi, bajia na kachori, hueleza historia ya mji katika bakuli moja: ndani yake zimo India, Afrika na bahari. Tangu biashara ilipolegezwa masharti katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na wageni wakaanza kuja kwa wingi, meza za vyakula ziliongezeka, na baadhi ya wapishi wakabuni vyakula vipya kwa ajili yao, kama chapati iliyojazwa nyama na yai ambayo hupewa jina la piza ya Zanzibar.

Wakati huohuo bustani ilichakaa. Ukuta wa bahari uliliwa na mawimbi, taa zilikufa, maji machafu hayakupata njia, na majani yaligeuka vumbi chini ya miguu na majivu. Mahali palipendwa kuliko palivyotunzwa. Jambo hili halikuwa la Unguja peke yake. Wakazi wa miji ya Kongo iliyo kwenye maziwa na mito wanaifahamu hali ya pwani ambayo ni ya kila mtu wakati wa kupumzika na si ya mtu wakati wa kufagia.

7. Ukarabati na swali lake

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2000. Mapema mwaka wa 2008 kazi ya kuitengeneza upya Forodhani ilianza, ikiendeshwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na bustani ikafunguliwa tena mwishoni mwa Julai 2009. Gharama ilizidi dola milioni 2. Mabomba ya maji na maji machafu yalitandazwa upya, njia zikawekewa mawe, taa zikasimamishwa, sehemu ya watoto kuchezea ikatengenezwa, na wauzaji wa vyakula wakapangiwa mahali pao. Wapishi waliovalia nguo nyeupe wakawa sehemu ya sura mpya ya bustani.

Faida yake haina ubishi. Mama mwenye watoto watatu huhitaji taa, choo, njia isiyo na mashimo na ukuta usiobomoka; mambo hayo si anasa. Bustani inayoitwa ya jamaa lazima kwanza iwe salama kwa mtoto mdogo na kwa mzee asiyeona vizuri. Kwa kipimo hicho ukarabati ulirudisha kitu kilichokuwa kikipotea.

Lakini kila ukarabati wa namna hii huzaa swali la nani atafaidika. Usiku wa leo meza zenye kamba, kaa na samaki zimepangwa kwa macho na mfuko wa mgeni. Mwenyeji huzipita, hununua bakuli la urojo au gilasi ya maji ya miwa, kisha hukaa na watoto wake. Maadamu kukaa ni bure, mizani haijapinda sana. Siku ambayo mwenyeji ataona kwamba nafasi ya kukaa imejaa viti vya wateja, au kwamba asiye na fedha hutazamwa kwa shaka, ufuko utakuwa umerudia kazi yake ya zamani: kumpima kila anayepita na kumlipisha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wageni ni msala; huja na msimu na huondoka na msimu. Familia za mji ndizo mbachao.

Mazingira yenyewe yanaonya kwamba hakuna kilichokwisha kulindwa kabisa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Jumba lililostahimili mizinga ya 1896 liliangushwa na uzee na unyevu. Tukio hilo liliwakumbusha wakazi kwamba ufuko wa Forodhani haukai wenyewe. Hukaa kwa sababu vizazi vinabeba gharama ya kuukalisha, na mara nyingine gharama hiyo ni maisha ya fundi.

8. Hitimisho

Historia ya Forodhani inaonyesha kwamba mahali pa umma hapazaliwi kwa tangazo. Sultani alipatumia kujitajirisha, mkuu wa forodha alipatumia kukopesha, dola la kigeni lilipapiga mizinga na baadaye likapapamba. Kila mmoja alipaona kama chake. Watu wa mji walipapata kwa njia ya pole zaidi: walikwenda kukaa hapo kila jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa haiwezekani kupafikiria bila wao.

Jina nalo limefanya kazi yake. Kama bustani ingeendelea kuitwa ya Jubilei, ingemkumbuka mtawala mmoja na miaka yake 25. Kwa kuitwa Forodhani, inakumbuka mizani, daftari, gunia la karafuu, pembe ya Maniema na mtu aliyeachwa kwenye mchanga kwa kuwa hakustahili ushuru. Kumbukumbu hiyo haimzuii mtoto kucheza, na haipasi kumzuia. Inamtaka tu mwalimu wake, siku atakapouliza kwa nini mahali pazuri hivi panaitwa hivyo, asimjibu kwamba ni jina tu.

Kwa mtafiti wa Kiswahili nchini Kongo, jina hilo ni mwaliko wa kazi. Majina ya fuko na bandari za Tanganyika, Kivu na Lualaba, yale ambayo watu huyasema na yale ambayo serikali ziliyaandika na kuyafuta, hayana budi kukusanywa kwa namna hiyohiyo, kabla wale wanaojua sababu zake hawajaondoka. Pwani ambayo zamani kila mtu alihesabiwa, leo watoto huirukia majini bila mtu kuwahesabu, isipokuwa mama zao, giza linapoingia na wakati wa kurudi nyumbani unapofika.